Sheria ya Mwaka Mmoja Isimeze Sheria ya Kudumu



Kila Juni, kabla mwaka wa fedha wa Serikali haujafungwa, Bunge letu hupitisha Sheria ya Fedha. Jina lake lamfanya raia adhani kwamba yahusu kodi za mwaka huo tu. Kumbe ndani yake hurekebishwa sheria nyingi za kudumu, moja baada ya nyingine, katika muda wa siku chache.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi waliyaonja hayo mwaka 2018. Sheria ya Tasnia ya Korosho ilikuwa imeweka ahadi iliyo wazi: katika ushuru wa korosho ghafi ziuzwazo nje, asilimia 65 irudi kulihudumia zao lenyewe, yaani pembejeo, utafiti, miche na ubanguaji, asilimia 35 iende Mfuko Mkuu wa Serikali. Sheria ya Fedha ya 2018 iliifuta ahadi hiyo, na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini walipinga, wakidai pia fedha zilizokwisha kutengwa na sheria ya zamani bila kutolewa. Hawakufua dafu.

Wako watakaosema kwamba Serikali ina haki ya kuweka mapato yote katika mfuko mmoja na kuyagawa kadiri ya mahitaji ya taifa zima. Hoja hiyo si ya kudharauliwa: mgonjwa wa Kigoma naye ana haki katika pato la taifa. Lakini ikiwa ni hoja njema, kwa nini isiletwe mchana kweupe, kwa muswada wake yenyewe, mkulima akapata nafasi ya kuusoma na kuujibu? Ibara ya 90 ya Katiba yampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge anayepinga kifungu kilichoandamana na bajeti hunena akiwa chini ya kivuli hicho.

Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba kuibadili sheria hupunguza nguvu yake, kwa kuwa mazoea huwasaidia watu kuitii. Hivyo isibadilishwe ila pale ambapo manufaa ya wote yanaizidi hasara hiyo. Apandaye mkorosho hungoja miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Atapangaje maisha yake juu ya ahadi iwezayo kufa kila Juni?

Baadaye sehemu ya ushuru huo ilirejeshwa kwenye kilimo, lakini kwa mlango ule ule wa Sheria ya Fedha. Kilichoingia kwa mlango huo chaweza kutolewa kwa mlango huo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Sheria ya Fedha ishughulikie viwango vya kodi na tozo, isivuke hapo. Sheria ya kudumu ibadilishwe kwa muswada wake yenyewe, baada ya wanaohusika kusikilizwa. Na haki iliyokwisha kupatikana chini ya sheria ya zamani ilipwe kwanza. Serikali imtakayo mkulima aitii sheria haina budi kuitimiza ahadi iliyomo ndani yake.