Nkololo ipimwe, kuanzia udongo hadi damu

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi

Ndugu Mkurugenzi,

Nina ombi moja: bajeti ijayo itenge fungu la kupima madini katika udongo, malisho, mifugo na watu wa kata yetu ya Nkololo, na afisa kilimo, afisa mifugo na afisa lishe waifanye kazi hiyo pamoja.

Ng'ombe akikonda, huku kwetu tunashuku minyoo, kisha ukame. Mara nyingi tunapatia. Lakini yupo anayekonda majani yakiwa tele. Karne iliyopita, karibu na Nakuru nchini Kenya, mifugo ilidhoofu kwenye nyasi nzuri mpaka ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji ule. Kilichopungua kilikuwa kobalti, ambayo bakteria wa tumboni mwa ng'ombe huitumia kutengeneza vitamini B12. Kinachohitajika ni takriban miligramu 0.1 tu katika kilo ya malisho makavu. Kikikosekana, mnyama hupoteza hamu ya kula. Shaba ikipungua, ng'ombe mweusi hugeuka rangi ya kutu. Zinki ikipungua, ngozi huharibika na uzazi husuasua.

Kiangazi tunategemea ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na nyasi zilizokomaa huwa na madini machache kuliko changa. Tena udongo wetu si mmoja. Luseni ni mchanga, na mchanga kwa kawaida hauna shaba wala kobalti nyingi. Mbuga ni mfinyanzi mzito, na pale penye hali ya magadi zinki hufungwa ardhini, mmea usiipate. Majirani wawili wanaweza kuhitaji dawa mbili tofauti, lakini wote hununua jiwe la chumvi lilelile kwa kubahatisha, au huwapa mifugo magadi, ambayo ni sodiamu zaidi na mengine yana floridi inayoharibu meno.

Udongo huohuo ndio unaotulisha sisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na kwa wanawake 45 katika kila 100. Malaria na minyoo vinachangia, na uhaba wa madini ya chuma pia. Sembe hupoteza madini mengi kinuni. Dona huyabakiza, ila kemikali iliyomo iitwayo fitati huzuia mwili kuyapata, mpaka nafaka ilowekwe au ichachushwe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kurutubisha unga wa viwandani, lakini sisi tunasaga kwenye mashine za kijijini. Madini joto, kinyume chake, yalifika majiko mengi kwa sababu yalipitia kwenye chumvi, ambayo karibu kila mtu huinunua.

Pengine mtu atasema: basi wagawiwe tu madini, watu na mifugo. Hapana. Kondoo huuawa na kiasi cha shaba ambacho ng'ombe hukistahimili. Kule Pemba, palipokuwa na malaria nyingi, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Vidonge vya kliniki kwa wajawazito viendelee kama wanavyoelekeza wahudumu. Ninachopinga ni kugawa bila kupima.

Kwa hiyo naomba haya. Sampuli za udongo na nyasi zichukuliwe luseni na mbugani, masika na kiangazi. Machinjioni kichukuliwe kipande cha ini kwa kila ng'ombe atakayechaguliwa, kwani ini ndilo huonyesha akiba ya shaba. Zahanati ipime damu za watoto pamoja na malaria na minyoo. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ukiriguru na Wakala wa Maabara ya Veterinari waombwe ushauri kabla ya kuanza. Majibu yakionyesha haja, mashine zetu za kusaga zifungwe kifaa cha kuchanganya virutubishi, kama zilivyofungwa nyingine nchini, na wafugaji waambiwe jiwe gani linafaa wapi.

Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kisukuma, kisha yabandikwe kwenye viwanja vya maonyesho vya Nyakabindi siku za Nane Nane, ili wa wilaya za Itilima, Maswa na Meatu nao wadai vipimo vyao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima na mfugaji, Nkololo