ELIMU YA SAYANSI: WALIRUDIJE KUTOKA MWEZINI?



Mvuvi wa Matema akiingia ziwani usiku, watu wa nyumbani hawaulizi amefika wapi. Huuliza, "Atarudi lini?" Kwenda ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kurudi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa kwanza kufika mwezini. Walisafiri Wamarekani watatu: Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins. Safari yao iliitwa Apollo 11. Waliondoka duniani tarehe 16 Julai, 1969. Baada ya siku nne, Armstrong na Aldrin waliteremka mwezini. Collins alibaki juu katika chombo kikubwa, akiuzunguka mwezi na kuwangoja wenzake.

Kutoka duniani hadi mwezini ni kilometa 384,000 hivi. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilometa 580 hivi. Basi njia ile ni zaidi ya mara 600 ya urefu wa ziwa letu.

Tutazame hatari tatu za kurudi.

Ya kwanza ni njia. Dunia imezungukwa na hewa. Watoto wa ufukweni hurusha kijiwe bapa juu ya maji. Kikienda kwa kulala, huruka-ruka na kwenda mbali. Kikielekezwa chini, huzama mara moja. Chombo nacho kilipaswa kuingia hewani kwa mshazari wa kiasi. Kama kingelala mno, kingepita na kurudi angani. Kama kingesimama mno, kingeungua na kuvunjika.

Ya pili ni moto. Chombo kilikuja kwa mwendo wa kilometa 11 kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Matema hadi mwisho wa ziwa kusini kwa dakika moja tu. Hewa iliyokuwa mbele yake ilibanwa sana, ikawaka. Ukimaliza kujaza gurudumu la baiskeli, shika pampu. Ina joto, kwa sababu umeibana hewa. Joto la chombo kile lilipita digrii 2,700. Lakini chini yake palikuwa na ngao nene. Ngao iliungua kidogo kidogo, na joto likaondoka pamoja na vipande vyake. Weka ndizi mbichi katika makaa. Ganda huwa jeusi, lakini ukiitoa upesi, ndani bado ni baridi. Wakati huo redio ilinyamaza kwa dakika chache. Waliokuwa wakingoja nao walinyamaza.

Ya tatu ni kutua. Hewa ilikuwa imepunguza mwendo. Kisha ikafunguka miavuli mitatu mikubwa ya kushukia. Tarehe 24 Julai chombo kilitua katika Bahari ya Pasifiki. Meli ilikuwa ikiwangoja.

Kwa nini miavuli mitatu? Mwaka 1971 wasafiri wa Apollo 15 walipokuwa wakishuka, mwavuli mmoja ulisinyaa. Miwili iliyobaki iliwafikisha salama.

Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walikanyaga mwezi. Wote walirudi wakiwa hai. Ngao na miavuli yao vilitengenezwa kabla ya kuondoka.

Nawe mvuvi, kagua mtumbwi wako ungali ufukweni. Chukua kasia la pili na kopo la kutolea maji. Mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi.

MASWALI
1. Kwa nini pampu ya baiskeli hupata joto?
2. Kwa nini miavuli ilikuwa mitatu?
3. Wewe huchukua nini ziwani ili urudi salama?