Kovu Lisiloonekana

Ndugu msomaji, mzazi wa Buzebazeba amsindikizaye mwanawe katika uwanja wa ndege wa Kigoma huitazama ndege na kujiuliza: je, chombo hiki kitadumu? Swali hilo ni la haki.

Uzee wa chuma tumefundishwa na meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa makusudi mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Chuma kikiugua hujitangaza: huota kutu, hubonyea, nasi tukaona.

Ndege za siku hizi haziundwi kwa madini peke yake. Mapanga ya Bombardier Q400, aina ambayo Shirika letu la Ndege liliipokea mwaka 2016, ni ya kompositi. Boeing 787 iliyowasili mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wa kiunzi chake ni kompositi. Hizo ni nyuzi, aghalabu za kaboni, zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, mfano wa tofali la udongo uliochanganywa na nyasi: nyasi huzuia ufa, udongo hushikilia nyasi.

Kompositi haishiki kutu, wala haichoki upesi kama aluminiamu. Hata hivyo ina maadui. Jua hula gundi isiyokingwa kwa rangi, na unyevu hupenya polepole. Adui wa hatari zaidi ni pigo. Toroli la mizigo likigonga ubavu wa aluminiamu, bonyeo huonekana. Likigonga kompositi, uso huweza kurudi ulivyokuwa, ilhali ndani matabaka yameachana. Fundi hugongagonga na kusikiliza: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana sauti hufifia. Tena hupima kwa mawimbi ya sauti.

Lakini fundi ataanzia wapi asipoambiwa? Mpakia mizigo aliyegonga akanyamaza, kwa kuogopa kukatwa mshahara, ameficha jeraha ambalo macho hayataligundua. Na mkubwa amwadhibuye msema kweli ndiye aliyemfunza kunyamaza.

Basi, ndugu msomaji, uimara wa ndege hizi huanzia nyumbani. Mtoto avunjaye kikombe akaja kukueleza mwenyewe, usimpige. Huenda kesho akasukuma toroli uwanjani, nawe ukawa abiria. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.