Tegla Loroupe alikimbia na wenye bunduki. Goma je?

Tangu M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, neno amani limesafiri sana: Luanda, Doha, Washington. Sisi tulio huku tunalisikiliza kwa sikio moja, maana la pili liko barabarani. Katika hali hiyo tumekuwa tukifikiri juu ya mwanamke mmoja wa Kenya, Tegla Loroupe, ambaye kazi yake ya amani haikuanzia hotelini.

Alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, mtoto wa wafugaji. Shule ilikuwa mbali, kilometa zipatazo 10, naye alizikimbia bila viatu. Wakuu wa riadha walimwona mdogo na mwembamba mno. Mwaka 1994 akashinda marathoni ya New York, akarudia 1995. Mwaka 1998 kule Rotterdam akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imesimama miaka 13, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Mwaka uliofuata, Berlin, akapunguza sekunde 4 nyingine. Olimpiki ndizo zilizomnyima. Sydney, mwaka 2000, chakula kilimdhuru usiku wa kuamkia marathoni, lakini alikimbia akamaliza wa 13, na siku chache baadaye akarudi uwanjani kwa mita 10,000, akawa wa 5. Mama zetu wanaopanda na mizigo kutoka sokoni Virunga wataelewa jambo hilo bila maelezo.

Lakini si medali zinazotugusa zaidi. Kwao, Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong wa ng'ambo ya Uganda wameuana miaka mingi kwa ajili ya ng'ombe, malisho na maji, na bunduki za kivita ziliyafanya mashambulizi ya zamani kuwa mauaji ya kijiji kizima. Mwaka 2003 Loroupe alianzisha shirika la amani lenye jina lake, akaandaa mbio ambamo vijana wapiganaji wa makabila hayo walikimbia bega kwa bega, na viongozi wa serikali pamoja nao. Kijana aliyezoea kumwona mwenzake kupitia mtutu wa bunduki sasa alimwona akihema kandoni mwake.

Je, wizi wa mifugo uliisha? Hapana. Februari 2023 serikali ya Kenya ilituma jeshi Bonde la Ufa Kaskazini kwa sababu ya wizi huohuo. Tunalisema waziwazi kwa sababu Kivu tumechoka na sherehe za amani: fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, magari meupe yanaondoka. Mbio hazinyang'anyi mtu bunduki. Tofauti ya Loroupe, kwa maoni yetu, ni kwamba hakuwa mgeni. Yeye ni Mpokot, yaani mtoto wa upande mmojawapo wa ugomvi, na aliwaendea wa upande wa pili akitumia jina alilolitolea jasho. Tena alirudi, mwaka hata mwaka.

Kuna uzi mwingine unaofika hadi kwetu. Mwaka 2016, Rio, ndiye aliyeongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, waliofanya mazoezi Ngong chini ya shirika lake. Wawili walikuwa wanajudo wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliobaki Brazil baada ya mashindano ya mwaka 2013. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Watoto wa Kivu walipata bendera ya kuandamana nayo, ingawa haikuwa ya nchi yao.

Hapa Goma tuna mawe ya volkano, tuna vijana wa chukudu wenye mapafu ya chuma, tuna wasichana wanaokimbia alfajiri kabla ya pikipiki kujaa. Tuna pia makabila yanayoketi benchi moja Jumapili na kutoaminiana Jumatatu. Makanisa yanaweza kuandaa mbio kutoka mjini hadi Sake. Njia inajulikana, wengi wetu tumeikimbia tukiwa na magodoro kichwani. Kilicho kigumu ni kumpata mtu wa kuzianzisha ambaye Mhutu, Mnande, Mhunde na Mtutsi wote watakubali kumfuata, naye awe tayari kurudi mwakani hata kama wa mwaka huu watakuwa 20 tu.