Ankara za bima ya afya ziandikwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika bima yetu ya afya daftari lipo. Linalokosekana ni lugha ya kulisomea.

Shangazi yangu, mkulima wa ndizi huku Marani, alilazwa siku tatu katika hospitali moja ya ngazi ya nne. Alipokuwa akitoka, alitakiwa kuweka kidole kwenye mashine ili kuthibitisha madai ya bima. Ankara aliyokabidhiwa ilikuwa ya Kiingereza, tena kilichosheheni vifupisho. Niliposoma, niliona imeandikwa siku tano. Kwa kiwango kilichotangazwa mwaka 2024, yaani shilingi 3,360 kwa siku, hizo ni shilingi 6,720 za huduma ambayo haikutolewa.

Jirani mmoja alituasa tunyamaze. "Serikali ndiyo inayolipa, ninyi mnapungukiwa na nini?"

Hoja hiyo haina mashiko. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliporithi kazi ya hazina iliyoundwa mwaka 1966, mwalimu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mkulima naye hutozwa kwa kadiri ya pato la jamaa yake. Kila siku ya uongo katika ankara hulipwa kwa jasho la hao. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu, zikiwemo za kuwaandikisha waliotibiwa na kurudi nyumbani kana kwamba walilazwa.

Tulirudi na barua ya kuruhusiwa kutoka, tukaweka tarehe zake kando ya zile za ankara, tukaandika malalamiko na kubaki na nakala. Hesabu ilirekebishwa. Lakini je, mgonjwa asiye na wa kumsomea afanyeje?

Sheria haikumtupa. Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya kulalamika, nayo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka baraza la kuamua mizozo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini haki ya kupinga asichokielewa mtu ni haki ya karatasini tu.

Kwa hivyo nashauri ankara ziandikwe kwa Kiswahili, tarehe na huduma zikitajwa moja moja, na ajuza asiyejua ila Ekegusii aelezwe kwa Ekegusii kabla ya kuombwa kidole chake.

Walimu nao wasingoje amri. Ankara ni somo la hesabu na la ufahamu kwa pamoja. Mwanafunzi akijua kuikagua, nyanya yake hatatia kidole gizani.