Namba 4,294,967,297 na Majibu ya Nyuma ya Kitabu

Nilipokuwa kidato cha pili nilifuta jibu langu kwa kuwa nyuma ya kitabu liliandikwa jingine. Kesho yake mwalimu alituonyesha ubaoni kwamba kitabu ndicho kilichokosea. Alama sikupata, maana daftarini hamkuwa na jibu tena.

Nimekumbuka hayo kwa ajili ya namba 4,294,967,297. Andika 2 mara 32, uzizidishe zote pamoja, uongeze 1, utaipata. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa, bingwa wa hesabu, aliamini kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Wadogo zake, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Basi nani angebisha? Alibisha Leonhard Euler mwaka 1732: inagawanyika kwa 641! Tena haihitaji kujaribu kila namba. Kigawanyo chake chochote, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo hadi kufika 641 namba tasa za kujaribu ni tano tu.

Mimi nilizidisha 641 kwa 6,700,417 saa za kujisomea usiku. Nilikosea mara mbili (wenzangu walicheka sana), mara ya tatu ikatoka kamili. Mistari mitatu tu ya kujumlisha!

Kwa hiyo naona si haki mwanafunzi anayepingana na kitabu kuitwa mkaidi kabla kazi yake haijatazamwa. Nawaomba walimu wetu watupe dakika tano kila kipindi, tubishane na kitabu ubaoni, chaki mkononi.