Hofu ya Duka la Fotokopi

Kila mjadala wa leseni huria vyuoni huishia mlangoni pa duka la fotokopi. Mkufunzi wa umeme wa majumbani anaridhia notisi zake zisomwe bure, zirekebishwe, hata zifasiriwe. Kisha anauliza: na yule mwenye steshenari pale nje ya geti, atakayezitoa nakala na kuziuza? Makala tatu za toleo hili zinauliza swali hilo, na zote zinalijibu vilevile: iwekwe leseni inayokataza biashara. Jarida limezichapa kwa moyo mweupe. Mhariri wake hakubaliani nazo hata moja.

Waliofuatilia mambo ya Marekani watakumbuka kwamba wenzetu walilipitia suala hili zaidi ya miaka kumi iliyopita, tena kwa fedha nyingi. Machi 2010, katika chuo cha jamii cha Northern Virginia, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 2 kwa vyuo vya namna hiyo, zitoke milioni 500 kila mwaka kwa miaka minne. Mradi uliwekwa chini ya Wizara ya Kazi, maana waliokusudiwa walikuwa wafanyakazi waliopoteza ajira kwa ushindani wa biashara ya nje. Tangazo la kwanza la maombi, mwaka 2011, likaja na sharti ambalo wakuu wa vyuo wengi hawakulizoea: chochote kitakachotungwa kwa fedha hizo kitolewe kwa leseni ya CC BY. Anayetaka kukitumia akitumie, akibadilishe, akisambaze, akiuze akiweza, mradi amtaje mtunzi.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka uleule, rasimu ya bajeti katika Baraza la Wawakilishi ilibeba kifungu cha kuzuia fedha hizo zisitungie kozi mpya mpaka Waziri wa Kazi athibitishe kwamba hakuna kozi ya aina hiyo inayouzwa sokoni. Soma kifungu hicho polepole. Kodi ya wananchi isitengeneze kitu cha bure ikiwa yupo mtu anayekiuza! Hata hivyo sharti la CC BY lilidumu hadi awamu ya nne, mwaka 2014. Kwa njia hiyo muungano wa vyuo kumi ulioongozwa na Anne Arundel cha Maryland ulitunga kozi za magari ya umeme, usalama wa mitandao na mitambo inayojiendesha. Kazi za mradi mzima zikakusanywa katika ghala la mtandaoni la SkillsCommons, likisimamiwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la California.

Turudi kwenye fotokopi, maana hapo ndipo penye utamu.

Lipo shirika la Kimarekani liitwalo Great Minds, watunzi wa masomo ya hisabati kwa shule, ambao kazi yao ilitolewa kwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara. Shule za New York zilizokuwa na haki ya kuyatumia masomo hayo bure ziliyapeleka kwenye duka la nakala la FedEx Office zikatolewe nakala, zikalipia huduma kama mteja mwingine yeyote. Great Minds wakalishtaki duka: mnapata faida kwa kazi yetu, lipeni mrabaha. Mahakama ya rufaa ikawakatalia Machi 2018. Hawakuchoka. Wakalishtaki duka jingine, Office Depot, kwa dai lilelile, na Desemba 2019 mahakama nyingine ya rufaa, upande wa magharibi, nayo ikawakatalia.

Waandishi wetu wawili wanazitaja hukumu hizo kama ushahidi kwamba leseni ya kukataza biashara haimdhuru mtu. Wamezisoma nusu. Hoja iliyoliokoa duka ni kwamba lilikuwa likitekeleza agizo la shule, na shule ndiyo yenye leseni. Duka lilikuwa mkono tu wa mteja. Sasa mchukue mwenye steshenari wa Morogoro au wa Thika. Yeye hasubiri agizo. Anajua muhula umeanza, anajua darasa la uchomeleaji lina watu wangapi, anachapa nakala arobaini usiku na kuzipanga mezani asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Huyo ni mfanyabiashara anayeuza bidhaa yake, na kinga ya FedEx haimfikii. Kwa leseni wanayoipenda waandishi wetu, yeye ndiye mhalifu wa kwanza.

Na yeye ndiye maktaba. Hili halisemwi kwenye makongamano ya nyenzo huria, ambako kila mjumbe ana kompyuta mapajani. Mwanafunzi wa ufundi bomba anayesoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akipimia bando, haendi kupakua faili la kurasa mia mbili lenye michoro. Anakwenda kwa fotokopi. Anarudi na kitu anachoweza kukipeleka karakanani, kikashikwa na mikono yenye grisi, kikakunjwa mfukoni. Anayetaka notisi za chuo zimfikie mwanafunzi huyo, kisha akampiga marufuku mtu pekee anayezifikisha, hajafikiri vya kutosha.

Watasema atapandisha bei. Atawezaje? Notisi zenye CC BY ni za jirani yake pia, mwenye mashine kama yake hatua ishirini kutoka pale. Bei ya juu hudumu pale mmoja tu anapokuwa na nakala, na hiyo ndiyo hali tuliyo nayo leo: hendauti imeachwa na mkufunzi kwenye duka moja, na darasa zima linajua ni duka gani.

Hapo tunagusa jambo ambalo makala zile tatu zinalizunguka bila kulitaja. Hofu ya kuuziwa notisi ni hofu ya kipato. Mkufunzi analipwa kidogo, na fungu linalotoka kwenye hendauti humzibia pengo. Ni hoja ya haki, ila ni hoja ya mshahara, na leseni haiwezi kuijibu. Vyuo vya Marekani vilivyopokea zile fedha viliweza kuwalipa watunzi kwa kazi ya kutunga, kisha kazi ikatoka huru. Hapa kwetu tunataka mkufunzi atunge kwa usiku wake, kwa kompyuta yake, halafu tunashangaa akiifunga kazi kabatini.

Kati ya makala nyingine za toleo hili, ile ya mwandishi wetu wa Mombasa inapendekeza leseni inayomlazimu kila anayerekebisha kazi aitoe kwa masharti yaleyale, kama walivyofanya watu wa TESSA, mradi wa nyenzo huria za mafunzo ya walimu Afrika. Mhariri hatapigana naye. Makala kuhusu kufasiri kozi za umeme wa jua kwa Kiswahili inajitosheleza. Ile ya takwimu za upakuaji ni ndefu, na wenye subira watafaidika.

Makala iliyostahili kurasa zaidi ni fupi kuliko zote. Mwandishi wake anafundisha umakanika, naye amefungua notisi za wenzake na kukuta nusu ya michoro imetolewa kwenye vitabu vya watengenezaji wa magari. Michoro hiyo si mali ya chuo, kwa hiyo chuo hakiwezi kuigawa kwa leseni yoyote. Mpango wa Marekani ulikuwa makini hapo: sharti lilihusu kile kilichotungwa kwa fedha za mradi, na cha watu kilibaki cha watu. Kwetu kazi ya kuchora upya gia, vali na mzunguko wa umeme haijapata mtu wa kuilipia, na bila michoro hiyo somo la umakanika ni maneno matupu.

Bodi na wafadhili wanaosoma toleo hili wana mikataba ya kutunga mitaala mezani. Kifungu cha leseni huandikwa humo, kabla mkufunzi hajashika kalamu, pamoja na malipo yake, bajeti ya mchoraji, na agizo kwamba mafaili yakabidhiwe yakiwa yanaharirika. Rasimu ya kifungu hicho iko mwishoni mwa toleo hili, imeandikwa na wanasheria wawili ambao nao, isieleweke vibaya, walitaka kukataza biashara. Mhariri amekifuta kipengele hicho kwa ridhaa yao, na waliopinga wamepewa nafasi ya kujibu katika toleo lijalo.